Batli Iko Wapi

Mwaka 2018 nilikuwa na miezi minne kazini, nikiandika programu za mauzo kwa kampuni ndogo hapa Nairobi, aina ile ya kampuni ambayo ofisi yake ni vyumba viwili juu ya duka la simu. Wateja wetu walikuwa supamaketi za mitaani. Siku moja mwenye supamaketi moja alipiga simu akitaka ripoti ya keshia wake: mauzo ya miezi miwili, siku kwa siku, na pesa taslimu alizokabidhi kila jioni. Nilimtolea kwa dakika tano. Safu ya mwisho ilionyesha upungufu mara sita, jumla shilingi 18,400. Nikaituma kwa barua pepe, kisha nikashuka kununua chai na mandazi.

Jumamosi hiyo mama huyo alifutwa kazi, na zile 18,400 zikakatwa kwenye mshahara wake wa mwisho. Mimi sikujua. Nilikuja kujua wiki tatu baadaye, alipopanda ngazi zetu akiwa na mkoba na daftari la shule la kurasa 48, akasimama mlangoni na kuuliza, "Kijana wa kompyuta za supamaketi ni nani?" Wenzangu wakanielekezea vidole. Alikuwa rika la mamangu. Kazini kwao kila mtu alimwita Mathe, kwa hiyo nami nikamwita hivyo.

"Karibu Mathe, keti."

"Sijakuja kuketi. Nimekuja uniambie hiyo mashine yenu ilisema nini. Kila siku iliponisumbua niliandika hapa."

Akafungua daftari. Tarehe, saa, kiasi. Mistari sita kwa biro ya buluu. Kila mara, alisema, mashine iliganda, ikamwandikia "Jaribu tena", naye akajaribu tena. Jioni akihesabu pesa, shoti. Kama umewahi kukaa kwenye kaunta unalijua neno hilo na unajua nani hulilipia.

Nilichoshindwa kumwambia siku hiyo ni kwamba maneno "Jaribu tena" niliyaandika mimi.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kufanya kazi hii. Ukiandika programu kwenye kompyuta yako mwenyewe, makosa hayajifichi. Unabonyeza kitufe, programu inaanguka, na chini ya skrini inatapika mistari myekundu: faili gani, mstari wa ngapi, nani alimwita nani. (Ushauri wa bure: usikimbilie mstari wa mwisho. Tafuta kosa la kwanza, yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.) Lakini programu ikishapelekwa dukani, hutaki keshia aone matapishi hayo mbele ya mteja. Unamwandikia maneno mawili ya upole, na ukweli wote unautuma kwenye faili iliyoko mbali, kwenye seva. Faili hiyo ndiyo logi. Kuituma nilijua. Kuitafuta sikuwa nimefundishwa. Nilisoma chuoni miaka minne, na sikumbuki hata mhadhara mmoja uliouliza logi hukaa wapi.

Aliyejua ni Mzee wa Seva. Ndivyo tulivyomwita. Mtu wa Lamu, kofia kichwani, kahawa chungu mezani, ametunza seva tangu enzi za modemu zilizokuwa zikilia. Nilimweleza kisa cha Mathe. Hakugeuza hata kichwa.

"Umetazama batli?"

"Betri? Si seva iko kwenye umeme?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Batli, mwanangu. Batli. Kitabu cha nahodha. Babu yangu alikuwa baharia wa meli, hata sisi watoto tulilijua neno hilo. Nyinyi mwasema logi."

Nilidhani ni utani wa mtu wa pwani. Nikaangalia kamusi nikalikuta: batli, kitabu cha kumbukumbu za safari ya chombo. Na kumbe Mzee alikuwa amegusa mzizi wa jambo lenyewe, maana logi ya kompyuta ilitoka baharini kweli. Neno la Kiingereza maana yake ni gogo. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakifunga kipande cha ubao kwenye kamba ndefu iliyopigwa mafundo, wanakitupa majini nyuma ya meli, na huku chupa ya mchanga ikimwagika kwa takriban nusu dakika wanahesabu mafundo yanayopita mkononi. Ndiyo maana mpaka leo mwendo wa meli, na hata wa ndege, hupimwa kwa mafundo. Hesabu hiyo iliandikwa kitabuni pamoja na saa, upepo na upande wa kuelekea, na kitabu kikarithi jina la gogo. Meli ikipanda mwamba, kitu cha kwanza kinachoulizwa ni kitabu hicho.

Kutoka melini hadi kwenye kompyuta hakuna hatua ndefu, kwa sababu baadhi ya kompyuta za kwanza zilikuwa za wanamaji. Mashine ya Mark II ilijengwa na timu ya Howard Aiken katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Ilikuwa dude la swichi za umeme zinazofunguka na kujifunga kwa kelele, nayo ilikuwa na daftari lake kama meli. Tarehe 9 Septemba 1947, saa tisa na dakika arobaini na tano alasiri, waliokuwa zamu walipata nondo amenasa kwenye swichi namba 70, paneli F. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye ukurasa wa daftari, na chini yake wakaandika kwa mzaha kwamba hapa ndipo mdudu halisi amepatikana kwa mara ya kwanza. Mzaha ulieleweka kwa sababu wahandisi walikuwa wakiziita hitilafu wadudu tangu zamani. Thomas Edison aliitumia lugha hiyo kwenye barua ya mwaka 1878. Grace Hopper, aliyekuwa kwenye timu ile, alikisimulia kisa hiki kwa miaka mingi mpaka watu wakadhani ni yeye aliyemkamata nondo. Ukurasa huo, pamoja na nondo wake, uko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian jijini Washington.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa sababu ya nondo. Mimi hunivuta lile daftari. Lilikuwa pale pale kando ya mashine. Aliyeona kosa, aliyeliandika na ambaye angelisoma kesho yake walikuwa watu wa chumba kimoja. Hakuna aliyehitaji nywila.

Miaka ya sabini, katika maabara za Bell Labs huko New Jersey, watu waliokuwa wakitengeneza mfumo wa Unix walikuwa na shida nyingine. Programu ilikuwa na mlango mmoja wa kutolea maneno. Majibu na malalamiko yote yalipitia hapo. Basi unatuma kitabu chako kwenye mashine ya kupanga chapa kwa picha, ambayo karatasi yake ni ghali na lazima isafishwe kwa dawa kama filamu, unasubiri, unaenda kuchukua ukurasa wako, na unakuta umechapwa kwa herufi za kupendeza kabisa ujumbe kwamba faili haikufunguka. Baada ya kupoteza karatasi namna hiyo mara kadhaa, wakatoboa mlango wa pili, wa makosa peke yake. Mlango huo upo mpaka leo. Kila programu unayoandika kwenye Linux au Mac inazaliwa nao, na ndio unaotapika ile mistari niliyoitaja.

Kisha mapema miaka ya themanini, kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Eric Allman alikuwa akiandika Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Akatengeneza kando yake kitu kidogo cha kukusanya taarifa zake, akakiita syslog. Programu nyingine zikakipenda zikahamia. Badala ya kila programu kuficha daftari lake uvunguni mwake, zote zikawa zinamtupia karani mmoja, naye anapanga kwa viwango vinane, kuanzia 0 ambayo ni dharura ya nyumba kuungua hadi 7 ambayo ni porojo za mtengenezaji mwenyewe. Karani huyo alienea duniani miaka na miaka kabla ya kanuni zake kuandikwa rasmi mwaka 2001. Ukisikia watu wa seva wakisema "angalia /var/log", wanakutuma kwenye kabati lake.

Huko ndiko Mzee aliponituma usiku ule. Akanionyesha amri mbili, tail ya kutazama mkia wa faili unaoendelea kukua, na grep ya kutafuta neno ndani yake. Kisha akavaa kofia yake vizuri akaenda kuswali isha, akaniacha na daftari la Mathe.

Mstari wa mwisho wa daftari ulisema saa moja na dakika kumi usiku. Kwenye simu yangu hiyo ni 19:10. Nikatafuta 19:10 ya tarehe ile. Kimya. Nikarudi nyuma dakika tano, nikaenda mbele dakika kumi. Hakuna kitu, hata duka lenyewe lilionekana limelala. Nikaanza kufikiria jambo ambalo naona haya kulisema, kwamba labda Mathe alikuwa ametunga.

Mzee aliporudi aliangalia skrini juu ya bega langu. "Hiyo seva iko wapi?"

"Ulaya. Tumekodi."

"Na saa yake ni ya nani?"

Saa yake ilikuwa ya UTC, saa tatu nyuma ya Nairobi. Saa moja ya Mathe ilikuwa 19 kwangu na 16 kwa seva. Watu watatu, saa tatu tofauti, jioni moja. Nikaandika 16:10.

Ilikuwa hapo. Sekunde ya saba: mauzo ya shilingi 2,350, unga, mafuta ya lita tatu, sukari, maziwa, na kadhalika, yamepokelewa na kuhifadhiwa. Nusu dakika baadaye: hitilafu, jibu halikufika kwenye kaunta, muda umekwisha. Sekunde kumi na tano baada ya hapo: mauzo ya shilingi 2,350, unga, mafuta ya lita tatu, sukari, maziwa. Seva ilikuwa imemsikia mara ya kwanza. Mtandao ulikuwa mbovu, jibu likapotea njiani, na programu yangu ikamwambia mama wa watu ajaribu tena. Akatii. Mteja alilipa mara moja, vitabu vikadai mara mbili, na tofauti ikawa mkononi mwa Mathe.

Kosa lenyewe nililirekebisha kwa mistari kumi na moja. Kila uuzaji unapewa namba yake kabla ya kutumwa. Namba ikirudi mara ya pili, seva inajua ni ule ule. Jambo la kawaida kabisa, nililipaswa kulijua mwezi wa kwanza.

Mstari wa tano wa daftari pia ulipatikana, shilingi 2,800. Ule wa nne haukuwepo. Wala wa tatu. Faili za tarehe hizo hazikuwepo kabisa, hata zile zilizobanwa. Nikamwuliza Mzee nani amezifuta, akanijibu kwamba hakuna aliyezifuta, zimejifuta. Seva nyingi za Linux zina programu iitwayo logrotate ambayo kazi yake ni kuzuia diski isijae. Usipoigusa mipangilio yake, kwa kawaida inafunga daftari kila wiki, inaanzisha jipya, inatunza manne ya zamani, na la tano linatupwa. Wiki nne. Mtu fulani zamani aliona zinatosha, na kwa kutafuta kwa nini tovuti imelala jana, kweli zinatosha. Matukio manne ya kwanza ya Mathe yalikuwa ya zaidi ya wiki nne.

Nilichapa nilichonacho nikampelekea mwenye supamaketi. Mathe alikuja pia, amevaa nguo za kanisani. Mwenye duka alisoma taratibu, si mtu mjinga.

"Hizi mbili nimeziona," akasema. "Hizo zingine nne ziko wapi?"

Nikamweleza kwamba orodha ya mauzo inaonyesha jozi zote sita, vitu vile vile, chini ya dakika moja.

"Kwani watu wawili hawawezi kununua unga na sukari wakifuatana?"

Wanaweza. Orodha husema tu kwamba kitu kimeuzwa mara mbili. Ni logi iliyokuwa na ile sentensi ya katikati, na haikuwepo. Akahesabu shilingi 5,150 akamkabidhi. Kazi hakumrudishia, kulikuwa na msichana mwingine tayari kwenye kaunta.

Mathe alizihesabu tena, akazikunja. "Na hizo nne?" akaniuliza mimi, si yeye.

Niliacha kampuni ile mwaka uliofuata. Kisa kilinitoka akilini kidogo kidogo, mpaka Januari 2024, wakati Uingereza nzima ilipokuwa ikizungumza juu ya tamthilia ya runinga kuhusu Alan Bates na shirika lao la posta, Post Office. Nilianza kusoma habari zile usiku nikiwa kitandani, nikajikuta nimeketi.

Mfumo uliitwa Horizon. Ulianza kuingizwa kwenye vituo vya posta mwaka 1999, ukiendeshwa na kampuni ya ICL iliyokuwa mali ya Fujitsu na baadaye ikachukua jina hilo. Vituo vingi vya posta kule ni maduka ya mtaa, na anayekisimamia kituo ndiye aliyetakiwa kulipa pesa zikipungua. Zikaanza kupungua. Waliopiga simu kuomba msaada, wengi wao waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Baadhi walitoa akiba zao, wakaweka nyumba rehani. Zaidi ya 900 walipatikana na hatia za wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, wengi wakishtakiwa na Post Office yenyewe, ambayo ilikuwa na uwezo wa kuendesha kesi zake. Na sheria ilikuwa imebadilishwa mwaka 1999 hivi kwamba mahakama za England huanza kwa kuamini kuwa kompyuta ilifanya kazi sawasawa mpaka anayepinga aonyeshe vinginevyo. Aonyeshe kwa nini? Kwa rekodi ambazo haziko mikononi mwake. Data ya kina ya mfumo ilikaa kwa Fujitsu, na mkataba uliweka kikomo cha maombi ambayo Post Office ingeweza kutoa kwa mwaka. Zaidi ya hapo, kulipia.

Seema Misra, aliyesimamia kituo cha West Byfleet, alifungwa Novemba 2010 akiwa mjamzito. Upande wake wa utetezi ulikuwa umeomba mara kwa mara rekodi zaidi za mfumo. Hatia yake ilifutwa Aprili 2021 pamoja na ya wenzake 38.

Na kumbe daftari lilikuwepo. Fujitsu ilikuwa na rejista ya makosa yanayojulikana, maelfu ya maingizo, wahandisi wakielezana hitilafu gani imetokea na namna ya kuishughulikia. Bates na wenzake 554 walipoishtaki Post Office, upande wa pili ulianza kwa kuichukulia rejista hiyo kama kitu kisicho na maana kwenye kesi. Ilipofunguliwa ikawa uti wa mgongo wa kesi. Tarehe 16 Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu kwenye hesabu za vituo. Miaka ishirini tangu mfumo uanze. Sheria ya kufuta hatia zilizobaki kwa pamoja ilipitishwa Mei 2024.

Kuna tukio moja kati ya yote lililonifanya niinuke nikanywe maji. Oktoba 2015, katika kijiji cha Dalmellington huko Scotland, mhudumu wa posta alikuwa akiingiza pauni 8,000 alizopokea. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena. Na tena. Mfumo ukaziandika kila alipobonyeza, na vitabu vikasema ana upungufu wa pauni 24,000. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba jambo kama hilo lilikuwa limekwisha kutokea mara nyingi katika miaka mitano iliyotangulia, na liliandikwa mahali fulani kila mara.

Siku hizi, kwenye kila mfumo ninaoandika, hitilafu ikitokea mashine inampa aliye kwenye kaunta namba ya tukio na saa, saa ya hapa kwetu, kwenye karatasi anayoweza kwenda nayo nyumbani. Wenzangu hulalamika kwamba natumia karatasi nyingi. Logi natunza mwaka mzima, na diski naijaza bila huruma.

Mathe sasa anauza nguo za watoto Gikomba. Nilimtembelea mwaka jana nikamsimulia kuhusu wale watu wa posta, kuhusu rejista na jaji. Alisikiliza huku akikunja vikaptura.

"Kwa hivyo ilikuwa imeandikwa," akasema.

"Ilikuwa."

"Na yangu pia ilikuwa imeandikwa."

"Yako pia. Ikafutika."

Akamgeukia mteja, wakapatana bei, akapokea noti ya mia mbili. Kisha akachomoa daftari chini ya meza, la kurasa 48, akaandika.